Baba ameacha wasia na jina lako halimo: usilie tu, ijue haki yako

Siku ya tatu ya matanga ya babangu, Mungu amrehemu, kakangu mkubwa alitoa karatasi ya fulskapu mfukoni mwa kanzu yake na kumpa ami yetu aisome. Wageni walikuwa wameshaondoka. Mamangu alikuwa chumbani, ameingia eda. Tulikuwa sebuleni watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu.

Karatasi ilisema kwamba nyumba ya Majengo, ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita aliyoijenga baba kwa mshahara wa bandarini, ni ya kakangu mkubwa peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtunza baba katika ugonjwa wake. Chini palikuwa na saini ya baba na za wazee wawili wa msikitini. Mama hakutajwa, kaka wa pili hakutajwa, na sisi mabinti watatu hatukutajwa hata kwa dua.

Niliitazama saini ile mara tatu. Nilitaka iwe ya kughushi, lakini ilikuwa ya baba. Nilikuwa nikiiona kwenye ripoti zangu za shule tangu darasa la kwanza.

Mimi si wakili wala si sheikh. Nina diploma ya uhasibu na mazoea ya kuuliza maswali mengi. Lakini yaliyotufika nimeyaona yakizifika nyumba nyingi hapa Pwani, na kila ninapokwenda matangani hakosi mtu wa kunivuta kando na kuniuliza: hivi nyinyi mlifanyaje? Kwa hiyo leo nimeamua kuandika.

Wasia wa Mwislamu una mipaka

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba wasia wa Mwislamu haufanani na ule wanaouona kwenye filamu, ambapo tajiri anamwachia paka wake mali yote na watoto wanabaki kukodoa macho. Kwetu sisi mali ikishaachwa na mwenyewe ina utaratibu wake.

Kwanza hutolewa gharama za mazishi. Pili hulipwa madeni ya marehemu, ya watu na ya benki, na mahari ya mke kama hayakulipwa. Tatu hutekelezwa wasia, lakini usipite theluthi moja ya kilichobaki. Nne, kinachosalia hugawanywa kwa warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176.

Mpaka wa theluthi unatokana na kisa cha Saad bin Abi Waqqas, Mungu amridhie, alipougua na kutaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza theluthi mbili, akamkataza nusu, akamruhusu theluthi moja na kumwambia kuwa hata hiyo ni nyingi. Sababu aliyompa ni kwamba kuwaacha warithi wako wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Mpaka wa pili ndio uliotuhusu sisi. Wasia hauandikiwi mrithi. Mtoto wako ana fungu lake tayari, kwa hiyo huwezi kumwongezea kwa wasia, ila warithi wengine wote wakubali, na wakubali baada ya kifo chako. Maneno waliyokwambia ulipokuwa hai kwa kukustahi hayawafungi.

Sasa rudi kwenye fulskapu yetu. Saini ilikuwa ya kweli, mashahidi walikuwa wa kweli, na baba alikuwa na akili zake timamu. Hata hivyo wasia wenyewe ulivuka mipaka yote miwili: ulitoa karibu mali yote, na ulimpa mrithi. Haukuhitaji kuitwa wa uongo ili ubatilike. Hili lilinipa nafuu kubwa moyoni, maana sikulazimika kumwita baba mwongo wala kakangu mwizi. Ilitosha kusema kwamba baba alitoa kisichokuwa chake kutoa.

Sheria ya Kenya inasemaje

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka 1981, na kwa miaka kadhaa Waislamu walilalamika kwamba inawalazimisha kufuata utaratibu usio wao. Mwaka 1990 ilirekebishwa, na tangu hapo mali ya Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, inaitambua Mahakama ya Kadhi na kuipa mamlaka ya kuamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya Kadhi.

Tia alama hapo kwenye kukubali. Mmoja wenu akikataa kwenda kwa Kadhi, shauri linaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Wapo wanaokimbilia huko wakidhani watalikwepa fungu la dada zao. Wanajisumbua, kwa sababu jaji wa Mahakama Kuu naye huitazama mali ya Mwislamu kwa sheria ya Kiislamu. Na asiyeridhika na hukumu ya Kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili.

Kwa ndugu zetu wasio Waislamu, na Pwani hii wengi wetu tuna wajomba na shangazi wa dini nyingine, mambo ni tofauti. Wao wanaruhusiwa kuandika wasia wa mali yao yote. Lakini mke au mtoto aliyeachwa kavu anaweza kuiomba mahakama imtengee sehemu ya kutosha, na mahakama hutazama mali ilivyo, hali ya mwombaji, aliyopewa zamani na sababu za mzazi kumwacha nje. Muhimu kwao ni kuomba kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa. Ikishathibitishwa, mlango huo umefungwa.

Karatasi aliyotia saini dadangu

Siku ile ile ya matanga, baada ya wasia kusomwa, ililetwa karatasi ya pili. Tuliambiwa ni ya kupeleka kwa chifu ili baba apatiwe cheti cha kifo. Dadangu mdogo, macho yamevimba kwa kilio, alitia saini bila kusoma. Mimi nilisema nitaisoma kesho, nikaambiwa nina roho ngumu.

Kesho yake niliisoma. Ilikuwa na sentensi moja: kwamba sisi sote tumeridhia wasia wa marehemu.

Ndugu msomaji, kama utasahau yote niliyoandika, shika hili. Usitie saini karatasi yoyote ndani ya matanga. Hakuna ofisi ya serikali inayofunga milango kwa sababu umeomba siku saba za kusoma. Ridhaa ya warithi ndiyo ufunguo pekee unaoweza kuupitisha wasia kama huu, na anayeujua ufunguo huo atautafuta mapema, wakati macho yako yana machozi.

Mkiridhia baadhi na wengine mkakataa, ridhaa hiyo hula fungu la aliyeridhia tu. Fungu lako wewe uliyekataa linabaki palepale. Dadangu alipofika mbele ya Kadhi aliulizwa kama alijua anachotia saini, akaeleza yaliyotokea, na saini yake ikawekwa kando kwa kuwa haikuwa ridhaa ya kweli. Alikuwa na bahati. Wengine wameshindwa kueleza.

“Si wasia, ni zawadi”

Tulipoanza kuuliza maswali, hoja ilibadilika. Tuliambiwa kwamba baba alishampa kaka nyumba tangu yu hai, kwa hivyo ile ni hiba na haimo katika mirathi.

Hoja hii utakutana nayo, kwa hiyo ijue. Ni kweli kwamba mtu akiwa hai na mzima anaweza kutoa mali yake zawadi, na hiba iliyotimia haiingii katika mirathi. Lakini hiba ina masharti yake: mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na mali ikabidhiwe. Kwa nyumba, makabidhiano huonekana kwa vitendo. Nani alikuwa akipokea kodi ya wapangaji? Nani alilipa kodi ya ardhi kwa mwenye ploti? Nani aliitwa choo kilipoziba?

Kwetu sisi jibu lilikuwa kwenye kabati la baba. Alikuwa na daftari jeusi la kodi, na aliandika kwa mkono wake mpaka mwezi aliofariki. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakukosea. Kama nyumba ilikuwa imeshatolewa, baba alikuwa akipokea kodi ya nani?

Na hiba iliyotolewa mtu akiwa katika maradhi yaliyomuua huhesabiwa kama wasia, ikarudi kwenye mipaka ya theluthi na ridhaa. Halafu kuna lile la Nuuman bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi na kumwita Mtume ashuhudie. Mtume aliuliza kama watoto wengine nao wamepewa, na alipojibiwa hapana, alikataa kushuhudia. Wazee wetu wanaopenda kugawa mali mapema wakikumbuke kisa hiki.

Hatua tulizofuata

Nitaziorodhesha kwa ufupi, maana ndizo ninazoulizwa zaidi.

Tulichukua cheti cha kifo, na tukatafuta barua ya chifu inayowataja warithi wote. Soma barua hiyo kabla haijatoka ofisini. Nimeona barua ambazo mke wa pili hakutajwa, na nyingine ambazo watoto wa kike waliitwa “waliokwisha kuolewa”, kana kwamba kuolewa kunafuta damu. Hakufuti.

Tukaorodhesha mali na madeni. Kwa mali yenye hatimiliki, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue imeandikwa jina la nani, kisha uweke zuio ili isiuzwe wakati shauri linaendelea. Sisi ilikuwa nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi za Majengo, Kisauni na Likoni, kwa hiyo hapakuwa na hatimiliki ya kuzuia. Tulimwandikia barua mwenye ploti na kumjulisha kuwa mwenye nyumba amefariki, warithi ni hawa, na asibadilishe jina kwenye kitabu chake mpaka mahakama iseme. Barua hiyo, nakala yake ikigongwa muhuri wa kupokewa, ilituokoa.

Tukafungua shauri la mirathi Mahakama ya Kadhi. Si lazima uwe na wakili. Makarani watakueleza fomu na ada. Nenda na cheti cha kifo, barua ya chifu, vitambulisho, cheti cha ndoa ya wazazi na vyeti vya kuzaliwa. Kama kuna wasia, upeleke pia, hata kama unaupinga. Kuuficha wasia usioupenda ni kosa sawa na kuutumia uliovuka mipaka.

Ukiamini wasia ni wa kughushi, au mzazi alishurutishwa, au alikuwa hajitambui, hayo nayo husikizwa, lakini yanataka ushahidi: mashahidi waliotajwa waje waapishwe, karatasi za hospitali ziletwe, maandishi yalinganishwe na yale ya zamani. Usiseme “ameghushi” kwa hasira tu. Neno hilo likishatoka halirudi, na udugu hautapona nalo.

Na wakati shauri linaendelea, asiuze mtu chochote. Mali ya marehemu kabla ya kugawanywa ni ya wote, na anayeipunguza ataulizwa hapa duniani kabla ya kuulizwa kule.

Kaka naye alikuwa na haki yake

Sikuandika makala haya kumtia kakangu aibu, na hapa ndipo ninapotaka wenye hasira wanisikize. Kakangu alimtunza baba miaka mitatu. Alimbeba kwenda hospitalini, na nyumba ilipovuja aliezeka mabati mapya kwa fedha zake. Baba aliliona hilo, akataka kumlipa, na hakujua njia nyingine ila kumpa nyumba yote.

Kadhi alimuuliza swali jepesi: ulichotoa, ulikopesha au ulijitolea? Aliyojitolea kwa babake malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Aliyokopesha ni deni, na deni hutangulia mirathi. Kaka alileta risiti za mabati, mbao na fundi, na wazee wale wawili waliotia saini wasia walishuhudia kwamba baba mwenyewe alisema atazirudisha. Zilifika shilingi 400,000. Sote tulizikubali palepale. Tungaliulizana hivi siku ya tatu ya matanga, pengine tusingefika mahakamani.

Kisha likaja fungu. Mke aliye na watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kwa nane. Kinachobaki huenda kwa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Sisi ni wanaume wawili na wanawake watatu, hizo ni sehemu saba, kwa hiyo hesabu ilikaa sawasawa: mama sehemu moja kwa nane, kila binti moja kwa nane, kila mwana mbili kwa nane. Jumla nane kwa nane. Mimi mhasibu nilitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi 11 ya shauri.

Nyumba hatukuiuza. Mama bado anaishi humo. Vyumba vinne vya wapangaji huleta shilingi 16,000 kwa mwezi. Tulikubaliana nusu ilipe deni la kaka mpaka liishe, jambo litakalochukua miezi 50, na nusu nyingine igawanywe kwa nane. Fungu langu ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kuna aliyeniuliza kama shilingi elfu moja ilistahili kunipeleka mahakamani. Nilimjibu kwamba mamangu naye ana elfu moja yake, na chumba ambacho hakuna mkaza mwana wala mjukuu atakayemtoa. Kwa karatasi ile ya fulskapu angekuwa mgeni katika nyumba aliyoipikia udongo wakati ikijengwa.

Wasia ni wa nani basi?

Nisije nikaeleweka kwamba wasia ni kitu kibaya. Wasia ni rehema, ila tunawaandikia wasiostahiki na kuwasahau wanaouhitaji.

Mjukuu ambaye babake alifariki kabla ya babu hana fungu akiwepo ami yake. Huyo muandikie. Mtoto uliyemlea tangu akiwa mchanga hakurithi, muandikie. Mtoto wa kambo, mkwe aliyekuuguza, mke au mzazi asiye Mwislamu, wote hao hawamo katika mafungu, na theluthi yako iliwekwa kwa ajili yao. Msikiti na madrasa pia.

Kuna na watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa namna hiyo wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo. Masheikh wengi wamepinga uamuzi huo na mjadala bado ni moto. Sitauingia leo, ila nitasema hili: baba anayejua ana mtoto wa namna hiyo asingoje majaji na masheikh wabishane juu ya kaburi lake. Theluthi anayo, kalamu anayo, na uhai anao.

Ukiandika, andika ukiwa mzima, waite mashahidi waadilifu, taja madeni yako na wanaokudai, na uwasomee watoto wako wangali wanaweza kukuuliza. Wasia unaosomwa kwa mara ya kwanza matangani ni kama mtego uliotegwa kizani. Utamnasa hata uliyempenda.

Kudai si utovu wa adabu

La mwisho ni kwa dada zangu. Nilipopeleka shauri, niliambiwa na watu wazima ninaowaheshimu kwamba mwanamke mwenye heshima haendi mahakamani na ndugu yake. Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikafungua msahafu nikasoma upya aya za mirathi. Fungu la binti limetajwa humo kwa hesabu, halikuachiwa huruma ya kaka wala ukarimu wa ami. Aliyeliweka ni Mwenyezi Mungu. Kulidai kwa upole ni kufuata amri yake, na kulisamehe pia ni haki yako, mradi umeshajua ni kiasi gani unachosamehe.

Kwanza nenda kwa wazee. Wakishindwa, nenda kwa Kadhi. Nenda na mtandio wako, stakabadhi zako na ulimi wako mzuri. Mimi na kakangu tulikaa karibu mwaka hatuli sahani moja. Idi iliyopita alinipigia simu asubuhi kuniuliza kama nitakuja Majengo kwa pilau. Nilikwenda. Mama alitupakulia sinia moja, akasimama mlangoni akatutazama tukila, asiseme kitu.